Dawa ya Siku Kumi na Nne

Msimu wa salfa, kule juu Newala, kila mwenye mikorosho hutembea na macho mekundu. Unga ule wa njano wa kuua ukungu wa mikorosho hupuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado majanini ili ushike, na upepo ukigeuka ghafla mpuliziaji hurudi nyumbani akiwa njano tangu kofia mpaka viatu. Kwa hiyo mjomba wangu alipoanza kuwa na macho ya njano hakuna aliyeshtuka. Mimi niliyekuwa nauza dawa Masasi, mimi niliyejidai najua, nilimcheka. "Mjomba," nikamwambia, "mwaka huu ukungu wa mikorosho hautakugusa, umejipulizia ndani na nje." Akacheka mpaka akakohoa. Kila nikikumbuka kicheko kile natamani ningekuwa nimefunga mdomo.

Nieleze kwanza mjomba ni nani kwetu. Watoto wa mwanamke ni wa ukoo wake yeye na kaka zake. Baba ni baba, anaheshimiwa, lakini kwenye posa, shule au ugonjwa neno la mwisho ni la mjomba. Baba yangu aliondoka kabla sijang'oa meno ya utoto, akaenda kuoa kwingine, na simlaumu tena kwa sababu nimechoka kumlaumu. Aliyenilea ni mjomba. Mke wake alifariki bila kumwachia mtoto, naye hakuoa tena. Alijenga nyumba yake hatua chache kutoka kwa mama yangu, dada yake wa pekee, na kati ya nyumba zile mbili wakachimba tangi la kukinga maji ya mvua. Huko juu maji ni shida ya kila siku. Tangi likikauka mnashuka bondeni na ndoo tupu, mnapanda mlima na ndoo zilizojaa, na nusu ya siku imekwisha. Tangi lilikuwa moja na kata ilikuwa moja, imetundikwa kwenye msumari mlangoni kwa mama. Mjomba akipita huteka, hunywa, huitundika. Mama hivyo hivyo, na mimi hivyo hivyo tangu nikiwa mtoto wa kuinuliwa ili niifikie.

Mimi nimepewa jina la bibi, mama yao. Kwa sababu hiyo mjomba hakuniita jina hata siku moja, aliniita "mama." Nikiwa na miaka sita nilikuwa namwitikia, "Ee, mwanangu," na yeye mtu mzima mwenye ndevu alikuwa ananiomba ruhusa ya kwenda shamba.

Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha na kunikera kwa pamoja. Hakuweza kula kitu peke yake wakati dada yake yupo. Yai moja la kuchemsha alilikata kwa uzi, nusu ikaenda nyumba ya pili. Samaki mkavu niliyemletea alikatwa kabla sijakaa. Mche wa sabuni ulikuwa vipande viwili. Niliwahi kumletea koti la mtumba, nikamtania: "Na hili utalipasua mgongoni?" Akalishika, akaligeuza mbele na nyuma, na nina hakika alikuwa anafikiria. Alikuwa anasema tu kwamba kaka anayekula huku dada yake anamtazama si mtu.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipoachwa huria. Chama cha ushirika kilikuwa kimelegea, wanunuzi wa korosho wakaanza kuja na malori yao na mizani zao, na pale Masasi, chini ya milima ile ya mawe, kila ukuta uliosimama uligeuzwa duka. Mimi nilikuwa mhudumu katika zahanati ya serikali. Nilipopunguzwa kazini pamoja na wenzangu, nikalia wiki moja, kisha nikafungua duka la dawa baridi karibu na stendi. Salfa nayo, ambayo zamani ilikuwa ikija kwa mgao, sasa iliuzwa dukani. Mjomba alikuwa na mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni, na mashine kijijini zilikuwa chache, kwa hiyo alipulizia mikorosho yake na ya watu wengine. Msimu mzima alikuwa ndani ya vumbi lile.

Tumbo lilianza kabla ya macho. Linawaka, alisema, hapa chini ya chembe ya moyo, zaidi alfajiri akiwa na njaa. Kijiji kizima kilijua ni nini: salfa imeingia puani, imeshuka tumboni. Na dawa ya salfa kila mtu anaijua, ni maziwa. Kwetu ng'ombe ni wa kutafuta, hivyo nikawa nampelekea maziwa ya kopo na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kutuliza kiungulia. Na kwa kuwa mashine ilimuumiza mgongo, nikampa na vidonge vya maumivu. Niliviweka kwenye bahasha ndogo na kuandika juu yake kwa mwandiko mzuri. Nilijiona mtu wa maana sana.

Baadaye akaanza kukonda mikono huku tumbo likitokeza, na hapo maneno yakabadilika. Kule kwetu mtu mwenye macho ya njano na tumbo kubwa anajulikana ni mnywaji, gongo ya mabibo imemmaliza. Mjomba hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Aliyasikia maneno yale, akaacha kukaa safu ya mbele msikitini, akawa anasali nyuma karibu na mlango. Iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe, na nilitukana watu ambao hata sikujua kama ndio waliosema.

Mwezi wa pili, mvua ikinyesha kwa nguvu, alishuka Masasi kununua jembe. Alikaa kwenye benchi dukani kwangu na mwanga wa mlangoni ukampiga usoni. Macho yalikuwa njano kabisa, na hata viganja vya mikono. Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa ya kikohozi, nikaiweka chini.

"Mjomba, mara ya mwisho umepulizia lini?"

"Si unajua mwenyewe, mama. Mwezi wa nane."

Miezi sita. Mvua zimekwisha kumwosha mara ngapi, na njano bado ipo. Nilifunga duka saa ile ile, na kesho yake tukaenda hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mtu mzima, msemaji wa polepole. Alimtoa damu, akampitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa, akamlaza siku tatu. Kisha akaniita peke yangu.

"Mama, mzee wako ana mambo mawili," alisema. "La kwanza ni virusi vya homa ya ini. Havikuingia jana. Huenda alizaliwa navyo, au alivipata akiwa mdogo sana, na miaka yote hii vinalila ini taratibu. Hilo sina dawa yake hapa, na nisikudanganye, sijui nikuelekeze wapi ukaipate. La pili ni tumbo. Ana vidonda viwili, na vimeletwa na bakteria."

"Si salfa?"

"Si salfa. Bakteria hawa tunao wengi na hatuna habari nao. Watu wa nyumba moja huambukizana, kwa maji, kwa vyombo, kwa mdomo. Lakini yeye si sawa na wewe. Damu ikitoka, vitu vinavyoifanya igande vinatengenezwa na ini, na ini lake limechoka. Kidonda ambacho kwako kingevuja na kukoma, kwake hakitakoma."

Nikamuuliza kama bakteria wale ndio wanaozidi kuliharibu ini. Akasema wapo madaktari wanaofikiri hivyo, lakini yeye hawezi kuapa. "Ninachojua ni kwamba ini siwezi kuligusa. Tumbo naweza. Dawa za aina tatu, asubuhi na jioni, siku kumi na nne, asiruke hata mara moja. Akila nusu, wadudu wanabaki na wanaizoea dawa. Tukiwaua wote, tumemwongezea muda." Kisha akauliza ni nani anayempa mzee vidonge vya maumivu, maana navyo vinachubua tumbo. Nikasema ni mimi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Aliniambia tu kwamba mimi na mama tukipata nafasi tuje tupimwe, na mimi nikasema sawa, kama mtu anavyosema sawa huku tayari yuko mlangoni.

Gari la kurudi lilisimama muda mrefu njiani, pale Chiungutwa, kupakia magunia, na hapo ndipo mjomba aliponiomba jambo. Alikuwa na pakiti za dawa mapajani, amezifunika kwa kofia. Habari ya ini nilikuwa nimeshamweleza.

"Mama, haya ya ini usimwambie dada yangu. Ataamini yale wanayosema. Mwambie ni tumbo."

Nikamkubalia. Nilijua aibu ile ilivyokuwa inamla. Tulipofika nilimweleza mama kwa maneno machache kwamba kaka yake ana vidonda vya tumbo na amepewa dawa nzuri. Mama akafurahi, akaenda kusonga ugali wa muhogo. Nikaketi na mjomba kwenye mkeka, nikampangia vile vidonge, hivi vya asubuhi, hivi vya jioni. "Uzimalize zote," nikamwambia, na yeye akaitikia, "Nimesikia, mama." Asubuhi nikapanda gari la kwanza kurudi kwenye duka langu.

Baada ya wiki mbili na siku chache nilipanda tena. Mjomba alinionyesha pakiti tupu kwa majivuno ya mwanafunzi aliyemaliza daftari. Moto tumboni umepungua, alisema, na usingizi amepata. Macho bado njano, lakini hayo nilikuwa nimejua hayataondoka. Siku ile mama aliweka pilipili kwenye kisamvu, akala hasa, akatafuna mpaka mbegu. Miaka mingi alikuwa haigusi, akisema inamwamsha tumbo. Nikamtania kwamba uzee umempa ulimi mpya. Akacheka, mjomba akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nikarudi Masasi nikiwa nimesadiki kwamba kile kimoja kinachowezekana kimewezekana.

Mwezi wa sita akabeba mashine. Nilipanda mpaka kule kugombana naye, akaniambia mikorosho haimsubiri mtu apone. Vidonge vya mgongo sikumpa tena, hilo angalau nililishika. Moto tumboni ukarudi kidogo kidogo. Safari hii akaona kila mmoja atasema ni ukaidi wake, kwa hiyo hakumwambia mtu.

Mabibo ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka mikoroshoni. Mjomba alikuwa anafagia chini ya mikorosho asubuhi, mama akiwa upande wa pili wa shamba, alipotapika damu. Si kidogo. Walimbeba kwa machela ya kitanda mpaka barabarani, wakapata lori la korosho. Niliwakuta hospitali kabla ya mchana. Alikuwa mweupe midomo, njano macho, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Waliniomba damu, nikakubali. Walipoipima kwanza, muuguzi akarudi akasema yangu haitumiki, na sikuuliza kwa nini, sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Daktari yule yule alinisogelea. "Zile dawa, alizimaliza?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia kwamba mjomba wangu si mjinga, kwamba pakiti tupu niliziona kwa macho yangu. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo, hutokea zikamalizwa na ugonjwa ukarudi.

Mjomba alifariki siku ile alasiri. Maneno ya mwisho aliyoniambia ni kwamba ndoo ya tangi inavuja, nimtafutie mama nyingine.

Siku ya arobaini, wanawake walijaa kwenye mikeka mbele ya nyumba zile mbili. Nilikuwa nagawa chai. Mama, ambaye kwa siku zote zile alikuwa hasemi, alianza kumsifu kaka yake, na wenzake wakamwacha aseme.

"Kaka yangu hakula kitu peke yake," alisema. "Niulizeni mimi. Hata ile dawa aliyoletewa na mwanangu huyu. Akaniambia, dada, si na wewe tumbo linakuwaka? Asubuhi akala yeye, jioni nikala mimi, mpaka zikaisha. Nani ana kaka wa namna hiyo sasa hivi?"

Wanawake wakasema hakuna. Mimi nilisimama na birika mkononi. Chai ilikuwa inamwagika kwenye mkeka na mtu akaninyang'anya birika. Nilienda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Nilimkasirikia mjomba kwa mara ya kwanza maishani, yeye na mayai yake ya kukata kwa uzi. Nilimkasirikia mama na pilipili yake. Kisha hasira ikaja mahali pake, kwangu, kwa kuwa mimi nilimjua mtu yule tangu nikiwa wa kuinuliwa kufikia kata, nilijua hawezi kula huku dada yake anamtazama, na bado nilimwachia pakiti mkononi nikapanda gari. Daktari angejuaje? Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia: huyu mpe za watu wawili.

Nililia mpaka nikakosa pumzi, nikaosha uso, nikarudi kugawa chai.

Baada ya hapo nilimpeleka mama kupimwa, na mimi nikapimwa. Nilikuwa nimeshakisia tangu siku ile damu yangu ilipokataliwa. Wote wawili tulikuwa na virusi vile vya ini. Daktari alituchorea kwenye karatasi: bibi, chini yake mjomba na mama, chini ya mama mimi. Mstari haukupita kwa baba yangu wala kwa baba yake mama. Ulishuka kama ukoo wetu unavyohesabiwa, kwa akina mama. Nilipewa jina la bibi na nikapewa na virusi vyake. Ini la mama lilikuwa bado zima na langu pia, alisema, tutakuwa tunakuja kuangaliwa. Na tumboni, sote tuna bakteria. Wale wa mama walikuwa wameonja dawa nusu nusu, kwa hiyo akabadilisha aina. Akatupa kila mtu pakiti zake, siku kumi na nne.

Safari hii sikupanda gari la asubuhi. Nilifunga duka, nikahamia juu kwa mama. Nilinunua vikombe viwili, chake na changu, nikaitundika kata na kumwambia iwe ya kutekea tu. Jioni ya kwanza alitoa vidonge vyake, akavitazama kwenye kiganja, akaninyooshea kimoja.

"Na wewe."

"Vyangu hivi hapa, mama."

"Basi nitamgawia nani?"

"Usimgawie mtu. Meza vyote."

Aliona nimemvunjia heshima. Alimeza akiwa amenigeuzia mgongo. Nilikaa pale, asubuhi na jioni, nikamtazama koo mpaka kidonge kipite, na yeye alinivumilia kama mtu anavyomvumilia mgeni asiye na adabu. Vilimwachia ladha ya chuma mdomoni, akanung'unika, nikamwambia hata mimi. Siku zikaenda. Usiku hatukuzungumza sana, na nyumba ya mjomba ilikuwa mbele yetu, imefungwa, mashine yake ya salfa imefunikwa gunia barazani.

Siku ya kumi na nne, jua likishuka, alimeza cha mwisho. Akaibana pakiti tupu kati ya vidole, ikawa inalia. Akaniuliza bila kunitazama.

"Na kaka yangu, zile alitakiwa azimalize peke yake?"

Swali lile nilikuwa nalisubiri tangu arobaini. Nilikuwa nimejiapia mara nyingi kwamba nitamwambia kweli, kwa kuwa nimechoka na mambo ya kufichana, na kwa kuwa kufichana ndiko kulikomponza mjomba; dada yake angejua ya ini asingezigusa dawa zile. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amebaki na mimi na lile tangi.

"Hapana, mama," nikasema. "Daktari alizitoa za watu wawili."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara mbili tatu.

"Nilijua," akasema. "Asingeninyima."

Akainuka, akaangua kata kwenye msumari, akateka maji. Akanywa nusu, akaninyooshea nusu iliyobaki. Vikombe vyetu viwili vilikuwa pale pale dirishani. Nikapokea kata, nikanywa.